Farasi Mwenye Goti Bovu

Tarehe 3 Machi

Kwa Fundi,

Hujambo? Sisi hatujambo, isipokuwa mimi, ambaye nina jambo moja, na jambo lenyewe ni wewe.

Wiki hii nimekupigia simu mara tisa. Mara nne hukupokea. Mara tano ulipokea, na kila nilipotaja mkanda ukaanza: "Dada sikusikii, Dada mtandao, Dada nipo karibu na mashine." Mashine gani hiyo inayonguruma pale tu mtu anapotaja mkanda? Ndiyo maana naandika. Karatasi haina mtandao. Mzee wa Filimbi atakuletea barua hii treni yake ikisimama hapo, na nimemwambia akukabidhi mkononi, mlangoni pa kiwanda. Ukisema unaumwa, akuguse paji la uso.

Ninachotaka ni kile kile. Mkanda wa katuni. Ule wa binti mfalme aliyefungiwa kwenye mnara wa saa, na mchawi wa nta, na farasi. Ule ambao Baba alizima maneno ya kigeni akatuwekea sauti yake mwenyewe. Ulipohama nyumbani uliondoka nao chini ya kwapa ukisema, "Mimi ni fundi, kwangu utakuwa salama." Haya, fundi. Ninauhitaji.

Tangu operesheni ya koo, Baba hana sauti. Hilo unalijua. Usichokijua, kwa kuwa hujaja, ni jinsi nyumba inavyokuwa mtu wa namna ile akinyamaza. Miaka thelathini na moja alitangaza treni pale stesheni, mji mzima ukajua saa kwa sauti yake, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumrekodi. Siku hizi anatangaza binti wa kwenye kompyuta. Sauti ya Baba imebaki mahali pamoja tu duniani, na mahali penyewe ni kwako.

Ni kwa ajili ya mwanangu, Kiduchu. Nitakueleza ukinijibu. Na usimwambie Baba, nataka iwe ghafla.

Dada yako

*

Tarehe 9 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Mzee wa Filimbi kanigusa paji la uso kweli, mbele ya mafundi wenzangu wote. Asante sana.

Mkanda upo. Nimeuweka kwenye bati la biskuti juu ya kabati, mbali na vumbi. Tatizo si mkanda, tatizo ni deki. Deki za kuchezea mikanda siku hizi zimeadimika. Nimeipata moja kwa muuza vyuma chakavu, lakini kichwa chake ni kichafu, na ukitia mkanda wa zamani kwenye kichwa kichafu, deki itautafuna kama mbuzi aliyekuta daftari. Haraka haraka haina baraka. Wewe ndiye uliyenifundisha.

Nimekuwa nikiukumbuka. Kila Jumapili baada ya chakula, miaka sita mfululizo! Nakumbuka Baba alivyoazima maikrofoni ya stesheni, mimi nikapewa kazi ya kubonyeza, na hapo ndipo nilipopewa jina la Fundi, nina miaka sita. Alikuwa hajui hata neno moja la ile lugha. Mpaka leo hatujui ilikuwa ya nchi gani. Akaamua tu kwamba farasi ana goti bovu, kwa sababu goti lake mwenyewe lilikuwa linamsumbua wiki ile. Na mwana mfalme anaogopa ngazi! Tukamwambia, "Baba, mbona anapanda vizuri?" Akasema, "Anapanda huku moyoni analia."

Basi nipe muda nisafishe kichwa cha deki. Kiduchu ana nini?

Mdogo wako,
Fundi

*

Tarehe 14 Machi

Fundi,

Barua yako nakurudishia, utaiona nimeisahihisha kwa wino mwekundu kama ninavyowafanyia darasa la kwanza. Kumbukumbu: nzuri sana. Sababu: dhaifu. Jumla: tatu juu ya kumi. Unarekebisha mashine za kushona hamsini kwa wiki halafu kichwa kimoja cha deki kikushinde?

Sasa nisikilize. Kiduchu anamwogopa Babu yake.

Wamemwachia Baba tundu shingoni, ndipo anapopumulia. Anavaa kitambaa, lakini akijaribu kusema kitu, upepo unatoka pale kwenye tundu na kufanya *pfff*. Siku ya kwanza alipomwinamia Kiduchu na kujaribu kumsalimia, mtoto alikimbia akajificha nyuma ya mlango wa choo, akatoka huko nimeshambembeleza nusu saa. Tangu hapo, Baba akiingia sebuleni, Kiduchu anatoka. Nilimletea Baba kibao cha shule na chaki ili aandike anachotaka kusema. Mtu mzima anasoma, sawa. Lakini Kiduchu ana miaka mitano, hajui kusoma. Kwa hiyo mtu pekee ambaye Baba anataka kuzungumza naye ndiye mtu pekee asiyeweza kumsikia wala kumsoma.

Baba sasa anakula chumbani. Juzi nilipeleka chai nikakuta ameandika kwenye kibao, kwa herufi kubwa: NITAHAMIA KWA SHANGAZI YENU. MTOTO AWE HURU KWAKE. Nilifuta. Kesho yake akaandika tena. Shangazi atakuja kumchukua kwa gari tarehe 18 Aprili. Kule shambani, maili zote zile kutoka hospitali, kwa mtu mwenye tundu shingoni na vumbi lile! Nimesema, nimelia, nimenuna. Unamjua Baba. Akishatangaza treni inaondoka, inaondoka.

Nikamwuliza Kiduchu, "Unamwogopa Babu kwa nini?" Akasema, "Yule si Babu, Babu wa kweli anaongea." Amekuja kuishi nasi akiwa hana sauti tayari, mtoto hakupata kuijua. Nataka aisikie. Nataka amkute yule farasi, acheke kama tulivyocheka, halafu nimwambie, huyo ndiye aliye chumbani.

Kwa hiyo safisha hicho kichwa. Au nisafishe mimi chako.

Dada yako

*

Tarehe 20 Machi

Dada,

Shikamoo. Sikujua kama mambo yamefika huko. Ningejua ningekuja.

Tatizo jipya limejitokeza. Nimeufungua mkanda nikakuta umeota ukungu. Ukungu hautaki papara. Unafutwa kwa pamba, taratibu, sentimita kwa sentimita.

Tafadhali usije. Chumba changu kimejaa vyuma, hutapata hata pa kukaa.

Fundi

*

Tarehe 23 Machi

Fundi,

Ukungu huo ulianza lini? Kwenye barua ya tarehe tisa mkanda ulikuwa salama kwenye bati la biskuti.

Mbili juu ya kumi.

Ukifika mwisho wa mwezi hujautuma, ninapanda treni. Nitakaa juu ya vyuma.

Dada yako

*

Tarehe 30 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo, na pokea zawadi! Ndani ya bahasha hii kuna flashi, imefungwa kwenye kitambaa cha kiwandani. Mkanda umesafishika. Nimeuhamishia humo wote, mwanzo hadi mwisho, picha na sauti. Utashangaa jinsi ulivyotakata. Usishangae sana lakini, siku hizi kuna utaalamu.

Sauti ya Baba inaweza kuwa imebadilika kidogo kwa sababu ya ukungu. Hilo ni jambo la kawaida kwa mikanda ya zamani.

Mwambie mpwa wangu Kiduchu afurahie. Na Baba asihame.

Mdogo wako,
Fundi

*

Tarehe 3 Aprili

Wewe,

Leo sikuiti Fundi.

Nilipanga kila kitu. Nilimwita Baba sebuleni, nikamwambia kuna kitu cha kuona. Nikamkalisha Kiduchu kwangu, mbali kidogo na Babu yake. Nikawasha. Picha inang'aa, nikasema moyoni, huyu mdogo wangu kweli ni fundi, nilimwonea bure. Mchawi wa nta akatokea. Farasi akatokea, akafungua kinywa, akasema, "Jamani goti langu."

Kiduchu akageuka akaniuliza, "Mama, kwa nini Mjomba anajifanya farasi?"

Mtoto wa miaka mitano! Hakuchukua hata dakika moja. Mimi nilikuwa nimeshaanza kutokwa machozi kwa furaha, na machozi yenyewe yakakosa pa kwenda.

Unaniona mimi kiziwi? Tulikaa chini ya sauti ile utoto wetu wote. Ulijitahidi, sikatai. Lile tangazo la "Abiria wa mnara wa saa, tafadhali tokeni kupitia mlango wa kushoto" ulilipatia. Lakini nilingoja Mama. Unakumbuka Mama alikuwa jikoni siku ile, na kila mara sauti yake inaingia, na masufuria, na Baba anamjibu kwa sauti ya farasi? Mkanda wa Baba ulikuwa na Mama ndani yake. Huu wako hauna mtu jikoni. Miaka sita sasa tangu tumzike, na nilikuwa nikimsubiri kama mjinga mbele ya televisheni.

Baba aliutazama hadi mwisho. Alichukua kibao akaandika: FARASI WANGU ALIKUWA MZEE ZAIDI. Akaenda chumbani. Baadaye nikasikia anapanga nguo kwenye sanduku.

Mkanda uko wapi? Usiniambie ukungu. Usiniambie kichwa. Niambie uko wapi.

Dada yako, bahati mbaya

*

Tarehe 6 Aprili

Dada,

Shikamoo. Siku za mwizi ni arobaini, na zangu zimefika.

Mkanda ninao. Upo kwenye bati la biskuti kweli, hilo halikuwa uongo. Lakini ndani yake hakuna katuni. Kuna mpira.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Ilikuwa fainali, mchana, Baba yupo kazini, wewe shuleni, Mama kaenda kwa jirani. Nilitaka kuirekodi niwaonyeshe wenzangu, na sikuwa na mkanda mtupu. Nikasema nitarekodi dakika tano tu za mwanzo, pale kwenye majina ya waliotengeneza katuni, ambayo hakuna anayeyasoma. Dakika tano zikawa kumi. Likaingia bao, nikasahau nipo duniani. Kipindi cha pili kimeshaanza, umeme ukakatika. Uliporudi, ulirudi na hasira, deki ikatoa moshi. Unakumbuka deki ilivyoungua? Nyote mlihuzunikia deki. Mimi peke yangu nilijua kilichokuwa tumboni mwake.

Niliifungua kwa kisu cha jikoni nikautoa mkanda, nikaurudisha kabatini. Ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza ya ufundi, Dada. Watu wanasema nina kipaji. Si kipaji, ni woga. Kwa kuwa deki ilikufa, hakuna aliyeuliza mkanda tena, na nilipohama nikauchukua ili mtu asije akautazama. Sijawahi kuutia kwenye mashine hata mara moja tangu siku ile. Siwezi. Miaka ishirini na miwili nimelala chumba kimoja na bati lile kama mtu aliyepanga na askari.

Ulipouomba nikaona nitengeneze mwingine. Nikaitafuta ile katuni, nikaipata kwenye duka la filamu za zamani, nikafunga mlango nikajirekodi siku nne mpaka jirani akaja kuuliza kama nina mgeni. Na nikuambie jambo la kuchekesha kama bado unaweza kucheka. Mwenzangu mmoja kiwandani anaijua ile lugha. Akanitafsiria. Dada, farasi haongei! Hasemi hata neno, anaonekana dakika sita tu katika filamu nzima. Hana goti bovu. Mwana mfalme haogopi ngazi, ni shujaa kutoka mwanzo hadi mwisho, anachosha kweli. Kila kilichotuchekesha alikitoa Baba kichwani mwake. Kwa hiyo sikufuta katuni. Katuni zimejaa madukani. Nimemfuta Baba, na nimemfuta Mama.

Mwambie wewe. Mimi mdomo hautafunguka.

Mdogo wako

*

Tarehe 9 Aprili

Mwanangu,

Dada yako aliisoma barua yako akalia, akaiacha mezani, akaenda kufundisha. Nimeisoma. Usimlaumu. Mtu anayeishi na kibao husoma kila kitu kilichoandikwa.

Wewe ni mpumbavu. Nakwambia hivyo kwa upole kwa sababu kalamu haiwezi kupaza sauti. Ningekuwa na koo langu, ungenisikia huko huko kiwandani.

Mpira nilijua. Nilijua mwezi ule ule. Wenzangu wa stesheni walikuwa wakinitania kwamba najisifia mkanda ambao hakuna aliyeuona, nami nikauchukua nikaupeleka kwenye klabu yetu ya wafanyakazi, wana deki yao. Nikawakalisha chini. Nikawaambia, tulieni, anakuja farasi. Wakaja wachezaji ishirini na wawili. Mzee wa Filimbi alicheka mpaka akaanguka na kiti, muulize. Nami nikakaa nikatazama mpira, ningefanya nini?

Nikarudi nyumbani na hasira zangu. Mama yako akaniambia, "Mwache. Atakuja kusema mwenyewe." Nikakubali, nikijua haitazidi wiki. Nikangoja wiki. Nikangoja mwaka. Mama yako amekufa akingoja, hata mwaka wake wa mwisho alikuwa akiniuliza, "Ameshasema?" Treni iliyochelewa kuliko zote nilizotangaza ni wewe.

Sasa nikuulize jambo moja, wewe unayejiita fundi. Umeme ulikatika kabla mechi haijaisha, umeandika mwenyewe. Mkanda ulisimama pale pale. Katuni ilikuwa na urefu gani? Umepata kupiga hesabu? Umekaa na mkanda miaka ishirini na miwili, unafungua mashine za watu kutwa, na hujawahi kuuacha mkanda wako mwenyewe ufike mwisho.

Uache ufike mwisho.

Mimi tarehe 18 naondoka. Si kwa sababu yako. Mtoto hawezi kulelewa kwenye nyumba yenye kitu anachokiogopa. Ulipokuwa mdogo uliogopa mchawi wa nta, nikambadilisha akawa anapiga chafya ili ucheke. Sasa sina cha kubadilishia.

Baba yako

*

Tarehe 13 Aprili

Baba,

Shikamoo. Usiangalie mwandiko, naandika haraka.

Nilisubiri kiwanda kifunge, nikarudi chumbani kwangu, nikautia mkanda kwenye ile deki. Nikatazama mpira wote, sikuruka hata kidogo, niliona ndiyo adhabu yangu. Wachezaji wanakimbia, wanaanguka, mtangazaji anapayuka. Inapigwa kona. Mpira uko hewani. Halafu picha ikakatika, mistari, mistari, na mnara wa saa ukatokea.

Zipo dakika nne, Baba. Dakika nne na sekunde kumi na moja. Nimezihamisha kwenye flashi na Mzee wa Filimbi anakuletea pamoja na barua hii. Nimeziandika hapa pia, neno kwa neno, kwa sababu mpaka afike huko siwezi kukaa nazo peke yangu.

Inaanzia katikati. Mwana mfalme anapanda ngazi. Wewe, kwa sauti ya farasi, kutoka chini: "...mimi sipandi. Ngazi zote hizo? Na goti hili? *Pfff!*" Kisha anafika juu, anambusu binti mfalme, nawe unasema, "Pale wanatazama saa, wajue ni saa ngapi." Nasikia mtoto anacheka. Ni mimi.

Binti mfalme: "Mmechelewa."

Farasi: "*Pfff.* Treni ilichelewa, Binti Mfalme, tunaomba radhi kwa usumbufu."

Kisha sufuria inagonga kitu. Na Mama, kutoka mbali, kama vile yuko chumba cha pili hapa kwangu: "Mwambieni huyo farasi chakula kinapoa!"

Nawe: "Farasi amesikia, malkia! *Pfff!* Anakuja, anakuja, ni goti tu!"

Hapo niliusimamisha mkanda. Nikaenda kunawa uso. Nikarudi.

Dada anauliza, ana kisauti kidogo kama cha Kiduchu, "Baba, mchawi amekufa?" Nawe kwa sauti yako ya kawaida, haraka haraka: "Hajafa, ameyeyuka, nyamaza tunarekodi." Halafu unakohoa, unaweka sauti ya stesheni: "Abiria wote, tumefika mwisho wa safari. Hakikisheni hamjaacha mzigo wala mtoto. Asanteni kwa kusafiri nasi." Kisha unanong'ona, "Haya, Fundi, zima." Kisha: "Si hapo. Si hapo! We mtoto, si hapo, hicho cha pembe..."

Basi. Mwisho wa mkanda.

Nilitakiwa kuja kukwambia siku ile ile, uliporudi kutoka kazini. Nilikaa kibarazani nikikusubiri, nimeshika maneno mdomoni. Ulikuja umechoka, ukaniuliza, "Vipi, Fundi?" nikasema, "Salama." Ndipo nilipobonyeza pasipo penyewe, na sijaacha kubonyeza hapo mpaka leo. Nisamehe, Baba.

Nitakuja mwisho wa mwezi, nimeshaomba ruhusa. Utakapokuwapo, kwa Dada au kwa Shangazi, nitakuja.

Mwanao,
Fundi

*

Tarehe 19 Aprili

Fundi,

Njoo umchukue baba yako.

Nasema kweli. Sina nyumba tena, nina zizi. Nitakueleza yote halafu nikalale, maana kesho nina watoto arobaini na tano na kichwa kinaniuma.

Flashi ilifika jana asubuhi, tarehe 18 yenyewe. Mzee wa Filimbi aliileta mbio kutoka stesheni, treni yake ilikuwa imechelewa kwa saa mbili, nilitaka kumrarua. Sanduku la Baba liko mlangoni. Shangazi ameshaegesha gari, amekaa sebuleni na mkoba mapajani, anasema barabara ni mbaya tuondoke mapema. Nikasema dakika nne tu, Shangazi, hata chai haiwezi kuchemka. Nikawasha.

Baba alisimama pale mlangoni amevaa koti. Kiduchu alikuwa nyuma ya kiti changu, mahali pake pa siku zote Babu akiwepo.

Sikumtazama yeyote, nilikuwa namsubiri Mama. Lakini kabla Mama hajafika, farasi akasema ana goti, akafanya *pfff*. Kiduchu akatoka nyuma ya kiti. Akasogea mpaka mbele ya televisheni. Farasi akafanya tena. Yule mtoto akageuka, si kwangu. Akamgeukia Baba, akamnyooshea kidole shingoni, akasema kwa sauti ya mtu aliyemkamata mwizi, "Ni wewe!"

Fundi, mimi nilitaka amtambue kwa sauti aliyoipoteza. Kamtambua kwa ile aliyobaki nayo.

Baba hakusogea, nadhani aliogopa kumkimbiza. Kiduchu akamwendea, akasimama pale kwenye koti, akamwamuru, "Fanya tena." Na Baba akashusha kitambaa chake kidogo, akavuta pumzi, akafanya *pfff* kwa lile tundu, ndefu, ya farasi mzee kabisa, bora kuliko ile ya kwenye mkanda. Kiduchu alicheka mpaka akakaa chini. Na Mama kwenye televisheni akasema chakula kinapoa. Nikalia nikacheka, sijui nilianza na kipi.

Tangu hapo sina amani. *Pfff* mezani. *Pfff* bafuni. Leo alfajiri kabla sijaamka, *pfff*, na mtoto anapiga kelele "Nyanyua goti!" Daktari amekuwa akimwambia Baba miezi mitatu afanye mazoezi ya kupumua, akagoma. Sasa anayafanya kutwa, bure, kwa amri ya mtu wa miaka mitano. Na amemwandikia Kiduchu herufi kwenye kibao, anamfundisha kusoma, kana kwamba mama yake si mwalimu.

Wewe bado nina hasira na wewe. Kwa ule mkanda wa uongo nakupa sifuri, na haifutiki. Barua yako kwa Baba alinionyesha. Hiyo sikuisahihisha.

Nilisahau kukwambia habari ya Shangazi. Alinyanyuka, akafunga mkoba, akasema, "Haya, kaka, chukua sanduku twende." Baba akakaa kwenye kiti, akachukua kibao, akaandika, akamwonyesha: FARASI ANA GOTI. HASAFIRI.

Shangazi akakisoma mara mbili. Akaniangalia mimi. Akasema, "Farasi gani?"

Kiduchu alikuwa ameshapanda mapajani kwa Babu yake, ameshika koti kwa mikono miwili. Akamshangaa Shangazi, mtu mzima vile asiyejua kitu, akamwambia, "Si ndiye huyu hapa!"

Dada yako